Wimbo wa Miaka Mia Tatu

Tulikuwa wanne, tukajiita Mapipa Matupu,
maana kitupu ndicho kivumacho,
na kwetu Somerset pipa halilali limejaa.
Mervyn Sealey na kodiani yake, vibonye viwili vimeng'oka,
Clem Vowles na tuba, pana kama beseni la kuogeshea ndama,
Wilf akipuliza mtungi wa udongo,
nami nikikwaruza ubao wa kufulia wa marehemu mama,
vidole kumi, kastabini kumi,
na ubao bado unanuka sabuni.

Watu wa mjini hucheka tunavyosema:
"s" yetu imelewa, imekuwa "z",
"r" yetu huzunguka mdomoni
kama ng'ombe asiyetaka kuingia zizini.
Tukaona, kuliko kuchekwa bure
heri tuwatoze kiingilio.
Tukavaa kofia za nyasi, tukafunga suruali kwa kamba,
tukapiga kwenye harusi, kwenye mashindano ya maboga,
na mwaka ule wa mafuriko, juu ya tela la trekta,
wasikilizaji ng'ombe thelathini
na polisi mmoja aliyekwama.

Ndipo akaja Bwana Lionel Astbury wa chuo kikuu,
viatu visivyojua tope,
kinasa sauti kifuani kama kichanga.
Aliutaka wimbo wa nguruwe,
yule aliyenasa kwenye dirisha la kasisi,
kichwa sebuleni, matako kwa majirani.
"Una umri gani wimbo huu?"
Mervyn akatazama dari.
Akanywa pombe ya tofaa. Akapangusa midomo.
"Miaka mia tatu, bwana. Babu wa babu yangu
aliupata kwa msaga matofaa mmoja, kipofu."
Bwana Lionel akaandika *kipofu*, akapigia mstari.

Wimbo ulikuwa na siku tano.
Mervyn aliutunga Jumanne, chooni.
Najua, kwa sababu nilikuwa nje nikigonga mlango.

Tulicheka hadi Wilf akapaliwa na mtungi wake.
Kisha kitabu kikatoka.
Wanasema njia ya mwongo ni fupi;
hii ya Mervyn ilipitia maktaba, ikapitia redio,
ikarudi Huntscombe imevaa tai.
Hatukukanusha. Ungemwambia nani?
Clem tukamzika, tuba yake ikawa chungu cha maua.
Wilf akahamia kwa bintiye, kwenye nyumba zenye zulia,
akaacha mtungi kwangu, na deni.

Vuli iliyopita tulialikwa shuleni, sikukuu ya mavuno,
mimi na Mervyn, viti vya watoto, magoti masikioni.
Mwalimu akasimama: "Sasa wimbo wa kale wa mababu zetu."
Mervyn akanikanyaga mguu.
Wakaimba. Nguruwe akanasa, kama kawaida.
Kasisi akaangusha chai, kama kawaida.
Halafu, mahali tulipozoea kuishia,
watoto hawakuishia:

*Enyi mlio huko nje, sukumeni taratibu,
nusu yangu meokoka, nusu bado haitubu.*

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.
Mervyn peke yake hakucheka.
Alimwita mjukuu wake, Tamsin, kando ya meza ya mikate:
"Ubeti ule kakufundisha nani?"
"Hakuna, babu. Ni wa zamani. Upo tu."
Akarudi kucheza.

Mervyn akaomba kalamu,
akauandika nyuma ya karatasi ya ratiba,
mkono ukitetemeka kidogo,
akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa ndani
anamoweka miwani na picha ya mkewe.

Njiani, matope yakivuta viatu, akasema,
"Hester, mimi sijawahi kupata ubeti mzuri hivyo."
Nikamtania: "Labda ni wa yule kipofu."

Nilingoja acheke.
Akasimama langoni, mkono juu ya komeo,
akaniuliza,
"Hivi yeye aliitwa nani?"